Nyani haoni kundule: kujitambua mbele ya data

Mwezi uliopita nilihudhuria warsha ya siku mbili ya uchambuzi wa data kwa sisi wanafunzi wa uzamili. Siku ya pili, baada ya chai na chapati, mwezeshaji akatwambia tufunge laptop, tufumbe macho, tufuate pumzi. Dakika kumi nzima chumba kimya, feni tu ndiyo inalia. Tulipofumbua macho akatupa somo lenyewe: kabla hujagusa data, jitazame. Ujue unatamani nini, unaogopa nini, una upendeleo gani. Ukishautambua upendeleo wako, uweke pembeni, ndo ufungue faili.

Nakiri, msomaji wangu, zile dakika kumi zilinifaa. Nilikuwa sijalala vizuri wiki nzima. Lakini somo lile limenikaa kooni tangu siku ile, na leo nataka kulijadili na wewe, manake naona linasambaa kwenye ushauri tunaopewa watafiti wachanga. Eti mchambuzi mzuri ni yule mtulivu, mwenye uzingativu, anayejijua. Mimi naona ushauri huu unatuelekeza kutazama mahali ambapo tatizo halionekani. Na nitaanza na kosa langu mwenyewe, usije ukadhani nasema watu.

Tasnifu yangu inahusu uzito wa watoto wenye umri chini ya miaka 2, katika vijiji vya aina mbili: vile ambavyo akina mama walipata mafunzo ya lishe, na vile ambavyo hawakupata. Fomu zilijazwa kwa mkono uwanjani, kisha zikaingizwa kwenye kompyuta. Kama umewahi kufanya kazi ya namna hii unajua kinachotokea: nukta inapotea. Mtoto wa miezi 9 anakuwa na kilo 82. Hao hawana shida, hata aliyelala usingizi anawaona. Shida ni wale wa katikati. Mtoto wa mwaka mmoja, kilo 5.1. Inawezekana ni kosa la mwingizaji. Inawezekana pia ni mtoto wa kweli, mwenye utapiamlo mkali wa kweli.

Basi nikawa nasafisha. Nilikuwa makini, nakuapia. Mtoto wa kijiji cha mafunzo akiwa na uzito mdogo wa kutia shaka, nilikwenda kabatini, nikatoa fomu yake ya karatasi, nikalinganisha. Mara kadhaa nikakuta kweli, mwingizaji kasoma 8 akaandika 5. Nikarekebisha. Mtoto wa kijiji kisicho na mafunzo akiwa na uzito uleule, nilimtazama kwenye kioo, nikasema moyoni, "Kule hali ni ngumu, inawezekana kabisa," nikaendelea na mstari unaofuata. Hakuna mahali nilipodanganya. Karibu kila sahihisho nililofanya lilikuwa sahihi na lina karatasi yake ya ushahidi. Baada ya siku nne thamani ya p ikashuka kutoka 0.07 hadi 0.03. Nikampigia simu mama kumwambia mambo yamekaa vizuri.

Dada mmoja tunayegawana naye meza ndiye aliyeniharibia sherehe. Alikuja kuchukua stepla, akatazama mafaili yaliyopangwa sakafuni, akauliza bila nia yoyote mbaya: "Kaka, mbona haya ya huku yana vumbi?"

Yalikuwa mafaili ya vijiji visivyo na mafunzo.

Sasa niulize: siku zile nne nilikuwa najitambua? Sana tu! Nilijua natamani matokeo yatoke. Nilijua msimamizi wangu anayasubiri. Nilikuwa nimeshajionya asubuhi ya siku ya kwanza, "Usije ukajipendelea." Na hapa ndipo ninapotofautiana na mwezeshaji wa warsha: kule kujionya ndiko kulikonifanya niuamini mkono wangu. Nilijihesabu kuwa mtu aliyekwisha kulishughulikia suala la upendeleo, kama mtu aliyenawa mikono mlangoni kisha akashika kila kitu.

Wazee walisema nyani haoni kundule, na wanasaikolojia wakaja kulipima jambo hilo. Mwaka 2002 Emily Pronin, Daniel Lin na Lee Ross walichapisha utafiti ambamo watu walielezewa aina mbalimbali za upendeleo wa kifikra, kisha wakaulizwa ni kwa kiasi gani upendeleo huo unawahusu wao wenyewe na unamhusu Mmarekani wa kawaida. Utakisia majibu. Wengi waliona yule mwingine ndiye anayepotoka zaidi. Walipoambiwa waziwazi kwamba binadamu ana tabia ya kujipa alama nzuri kupita anavyostahili, wengi bado walishikilia kwamba alama walizojipa ziko sawa. Miaka kumi baadaye, 2012, Richard West na wenzake wakatazama kama watu wenye uwezo mkubwa wa kufikiri wanapona ugonjwa huu. Hawaponi. Akili nyingi haikulipunguza doa hilo.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Upendeleo hauji na jina lake kifuani. Unapojichungulia ndani unakuta nia yako, na nia yako ni safi, kwa hiyo unajipa cheti. Lakini upendeleo haukai kwenye nia. Unakaa kwenye kipi umekikagua na kipi umekiacha. Lile wazo langu, "Kule hali ni ngumu," lilipita kichwani kama wazo lolote la mtu mwenye busara. Ningelitazama kwa utulivu wa dunia nzima lisingenionyesha ubaya wowote, manake peke yake halikuwa na ubaya. Ubaya ulionekana pale tu wazo hilo lilipowekwa pembeni ya wazo lingine, la kijiji kingine, siku nyingine. Kichwa hakiweki kumbukumbu ya namna hiyo. Vumbi ndilo lililoiweka.

Tusiuonee uzingativu wenyewe. Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake mwaka 1979, kwenye shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, alikuwa anahudumia wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu ambao hospitali ilikuwa imeshawafanyia ilichoweza. Kuyatazama mawazo na maumivu yanavyopita bila kuyahukumu, kwa mgonjwa yule, ni kitu chenye maana. Sisi wachambuzi kazi yetu ni kuhukumu kutwa: huyu abaki, huyu atoke, huyu arekebishwe. Dawa ya mtu anayeteswa na hukumu zake hatuwezi kuihamisha tu ikawa dawa ya mtu asiyejua kwamba amehukumu.

Kuna mtu mmoja ninayemfikiria sana kwenye jambo hili, naye ni Robert Millikan, yule wa matone ya mafuta. Umesoma habari zake kidato cha tano au cha sita: alipima chaji ya elektroni kwa kutazama matone madogo ya mafuta yakining'inia kati ya bamba mbili za umeme, na mwaka 1923 akapewa Nobeli. Katika makala yake ya 1913 aliripoti matone 58, akaandika kwamba hayakuchaguliwa, kwamba hayo ndiyo matone yote aliyoyafanyia majaribio kwa siku 60 mfululizo. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwanahistoria wa sayansi Gerald Holton akafungua madaftari ya maabara ya 1911 na 1912. Matone yalikuwa mengi zaidi, zaidi ya mia moja. Na pembeni ya hesabu Millikan alikuwa ameandika hisia zake: hapa amefurahi, hili zuri, lichapishwe, hapa limekwenda juu mno, kuna kitu hakiko sawa.

Wanahistoria wamebishana sana juu ya hili. Allan Franklin alirudia hesabu akaonyesha kwamba matone yaliyoachwa yasingebadilisha sana chaji yenyewe. Yangeongeza tu ukubwa wa kosa la kipimo, yaani Millikan angeonekana hana uhakika kama alivyodai. Mengine aliyaacha kwa sababu nzuri kabisa, kifaa kilikuwa bado kinatengenezwa. Hayo sawa. Kinachonivuta mimi ni kwamba mtu huyu alijitambua! Aliijua furaha yake, akaiandika kwa mkono wake pembeni ya namba. Na bado kalamu hiyohiyo ikaandika kwamba hakuchagua. Kujua kwake furaha yake hakukumzuia chochote. Kilichotusaidia sisi ni kwamba aliiacha kwenye karatasi, mtu mwingine akaja kuisoma.

Halafu hadithi ina mkia. Millikan alitumia thamani isiyo sahihi ya mnato wa hewa, hivyo chaji yake ikawa ndogo kidogo kuliko ilivyo. Richard Feynman, katika hotuba yake ya mwaka 1974 kwa wahitimu wa Caltech, alieleza jinsi vipimo vya waliofuata vilivyopanda polepole, hiki juu kidogo ya kile, badala ya kuruka mara moja hadi kwenye jibu sahihi. Maelezo yake ni kwamba aliyepata namba ya juu mno alitafuta kosa mpaka akalipata, na aliyepata namba iliyokaribiana na ya Millikan hakutafuta sana. Unaona? Ni vijiji vyangu vilevile. Fomu za upande mmoja zinafunuliwa, za upande wa pili zinaota vumbi.

Hapo ungeweza kuniambia: sawa, basi tutafute watu wasio na tamaa na matokeo, tuwape data, jibu litatoka moja. Nami nilidhani hivyo, mpaka niliposoma utafiti wa kadi nyekundu. Kama hujausoma na unapenda mpira, hii ni zawadi yako. Raphael Silberzahn na wenzake walichukua data za wachezaji wa ligi za juu za Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na Hispania, wakaunda timu 29 zenye wachambuzi 61, wakawapa wote data zilezile na swali lilelile: je, marefa wanawapa wachezaji wenye ngozi nyeusi zaidi kadi nyekundu kwa wingi kuliko weupe? Matokeo yalichapishwa 2018. Timu 20 zilisema ndiyo, tofauti ipo kitakwimu. Timu 9 zilisema haionekani. Ukichukua 1 kuwa maana yake hakuna tofauti, timu zilianzia 0.89 hadi 2.93. Data ni zilezile jamani!

Na imani za wachambuzi kabla ya kuanza hazikueleza tofauti hizo. Wala uzoefu wao. Zilitokana na maamuzi ya kawaida, ya halali, ambayo kila mmoja angeweza kuyatetea: nafasi anayocheza mchezaji tuihesabu au tuiache? Ligi je? Refa mmoja aliyechezesha mechi nyingi tumchukulieje? Hapa ushauri wa warsha unakwama kabisa. Hata ukijitakasa tamaa zote ukabaki mweupe kama pamba, bado utachagua njia moja kati ya nyingi, na bila mtu kukuonyesha njia za wenzako utaamini kwamba njia ilikuwa moja. Hii inaniumiza hata mimi, kwa sababu nilikuwa tayari kuilaumu tamaa yangu kwa kila kitu. Tamaa ni sehemu tu.

Karibu na kwetu tuna mfano wake, Busia, magharibi mwa Kenya. Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, wakagawa dawa za minyoo kwa awamu, na mwaka 2004 wakaripoti kwamba utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizopata dawa, na kwamba hata shule za jirani zilinufaika. Mamilioni ya watoto wamemeza vidonge kwa sehemu kwa sababu ya makala hiyo. Baadaye waandishi walitoa data na kodi zao kwa watafiti wa London, ambao mwaka 2015 walichapisha marudio yao. Wakakuta kosa kwenye kodi: wakati wa kuhesabu majirani, ilikuwa inahesabu shule chache tu badala ya zote zilizo ndani ya umbali uliotajwa. Faida kwa shule za mbali ikayeyuka. Faida ndani ya shule zenyewe ikabaki. Kisha wakazichambua data upya kwa desturi za wataalamu wa magonjwa badala ya desturi za wachumi, ushahidi ukaonekana dhaifu zaidi, na hapo ugomvi ukawaka mpaka watu wakauita vita vya minyoo. Wachumi walikubali kosa la kodi, wakakataa hitimisho.

Mimi sina ubavu wa kuamua ugomvi ule. Ninachosema ni hiki: kodi ile ilisomwa na watu makini kwa miaka mingi. Kosa lilionekana lilipokwenda mbele ya macho ambayo hayakuwa na sababu ya kulipenda jibu. Na waliolifungua kabati ni waandishi wenyewe, kwa hiari yao. Kwangu huo ni uungwana mkubwa kuliko kutafakari kwa mwezi mzima.

Nikiulizwa basi tufanye nini, jibu langu ni la kifundi na halina mvuto hata kidogo. Matt Motyl, akiwa mwanafunzi wa uzamivu, na Brian Nosek walipata matokeo matamu kweli: kati ya watu 1,979, wenye misimamo mikali ya kisiasa walionekana kuwa hafifu zaidi katika kutofautisha vivuli vya kijivu. Yaani wenye msimamo mkali wanaona nyeusi na nyeupe kwelikweli! Thamani ya p ilikuwa 0.01. Makala ya namna hiyo inaweza kukupatia ajira. Wakaamua kurudia kwanza, kwa watu 1,300. Ikatoka 0.59. Kwisha habari. Waliisimulia wenyewe mwaka 2012, hawakuificha. Ukiwauliza ni nini kiliwaokoa, si utulivu. Ni watu 1,300.

Sisi wengi hatuna hela ya watu 1,300. Lakini safu moja kwenye jedwali tunaweza kuificha. Wanafizikia wanafanya hivyo siku nyingi: wanaficha jibu, wanamaliza maamuzi yote ya kusafisha na kuchuja, ndipo wanalifunua. Robert MacCoun na Saul Perlmutter waliandika kwenye Nature mwaka 2015 wakisihi fani nyingine ziige. Haigharimu senti. Inagharimu tu kukubali kwamba hujiamini.

Yule dada wa vumbi ndiye aliyenifanyia. Alichukua faili la mwanzo kabisa, lile ambalo sijaligusa, akaondoa majina ya vijiji, akaweka namba za ovyo, akaficha safu ya kundi. Fomu za karatasi akazifunika kona ya juu kwa karatasi ya gundi, zote, za pande zote mbili. Kabla sijafungua nikaandika kanuni: uzito wowote ulio nje ya kiwango hiki kwa umri huu, fomu yake inatolewa. Bila kujali ni wa nani. Na kila nikigusa namba naandika kwenye daftari nimegusa nini na kwa nini. Nimeanza pia kuandika nilivyojisikia, kama Millikan, nikijua sasa kwamba anayefaa kuyasoma ni mtu mwingine.

Kuna fomu moja nilikuwa sijakwambia. Niliposema karibu kila sahihisho lina ushahidi, hii ndiyo niliyoibakiza. Wino ulikuwa umeloa, tarakimu ya kwanza ungeweza kuisoma 5 au 8. Kijiji kilikuwa cha mafunzo. Raundi ile ya kwanza niliisoma 8, wala sikusita. Safari hii, jina la kijiji likiwa limefunikwa, kanuni ilisema isiyosomeka iulizwe. Kwa hiyo dada akampigia mhudumu wa afya wa kijiji, mimi nisisikie ni wapi. Mama yule akalitafuta jina kwenye daftari lake la kliniki. Ilikuwa 5. Kilo 5.1. Alimkumbuka vizuri, manake siku ileile ya kupima alimpeleka yeye mwenyewe kituo cha afya na mtoto akaanzishiwa chakula dawa.

Kwenye faili langu alikuwa na kilo 8.1, na afya njema.

Zimebaki fomu kama sitini. Msimamizi ameuliza mara mbili kuhusu ile 0.03, na nimemwambia ukweli: sijui itakuwa ngapi, safu bado imefichwa, nenosiri analo dada. Hakufurahi. Kuwasilisha ni wiki ya tatu ya mwezi ujao.